Samaki, daraja na kodi ya kesho: Chattanooga ilivyofufua katikati ya mji

Hela za kubomoa zilikuwa zimeshapatikana. Daraja la Walnut Street, chuma kitupu, lilikuwa likivusha watu mto Tennessee tangu 1891, na mwaka 1978 likafungwa kwa magari kwa kuwa halikuaminika tena. Likabaki limesimama pale zaidi ya miaka kumi, linaliwa na kutu, halina kazi. Serikali kuu ya Marekani ilikuwa radhi kugharamia kuling'oa. Ndipo wakazi wachache wabishi wa Chattanooga wakauliza swali ambalo mhasibu wa serikali hakulitegemea: kama hela ya kubomoa ipo, kwa nini isitumike hiyohiyo kukarabati?

Vikao vikakaliwa, watu wakachanga, Washington ikakubali. Mwaka 1993 daraja likafunguliwa upya kwa watembea kwa miguu tu. Ni mita 700 na ushee za mbao juu ya maji, bila gari wala pikipiki. Watu wanasukuma vigari vya watoto, wengine wanafanya mazoezi ya kukimbia, wengine wameegemea ukingo wanatazama mto.

Chattanooga iko kusini-mashariki mwa jimbo la Tennessee, inapakana kabisa na Georgia. Sensa ya 2020 iliwakuta watu 181,099, ambao kwa Marekani ni mji wa saizi ya kati, wala si maarufu sana. Lakini panapozungumzwa kufufua miji, jina lake halikosi. Viongozi wa miji mingine huenda kujifunza, na hadithi wanayorudi nayo ni fupi na tamu: mji ulikuwa mchafu, ukajenga jumba la samaki, ukapona. Hadithi hiyo si ya uongo. Tatizo ni kwamba inaanzia katikati. Mtu akikwambia maiti imefufuka, swali la kwanza ni aliuawa na nini, na la pili ni nani aliyelipa hospitali.

Kifo kilikuwa na sababu

Kabla ya vita vya pili vya dunia, katikati ya mji wa Marekani palikuwa mahali pa kila kitu. Chattanooga ilikuwa na barabara za Market na Broad zilizojaa maduka ya ghorofa, benki na sinema, na stesheni kubwa ya treni iliyofunguliwa 1909. Mtaa wa Tisa ulikuwa mji wa watu weusi ndani ya mji, wenye vilabu vya muziki, vinyozi, hoteli na ofisi za mawakili, kwa sababu kwingine hawakuruhusiwa kuingia. Wenyewe waliuita Big Nine. Bessie Smith, aliyekuja kuwa malkia wa muziki wa bluzi, alianza kwa kuimba pale barabarani akiwa mtoto, akitupiwa senti na wapita njia.

Kilichopaua mahali hapo kiliandikwa kwenye sheria na bajeti. Mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali ilielekezwa kwenye nyumba mpya za pembeni ya mji, na kwa miaka mingi ilielekezwa kwa weupe. Mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya barabara kuu za kitaifa: Washington inalipa asilimia 90, jimbo linamalizia zilizobaki. Ukimpa mwanasiasa barabara ya njia nne kwa sehemu ya kumi ya bei, ni nadra akaikataa. Barabara zikapasua miji ili mtu akae mbali, aingie ofisini asubuhi, atoke jioni. Wateja wakishahama, duka nalo linawafuata. Mwaka 1987, wakati wataalamu walikuwa tayari wamekaa mezani kupanga uokoaji wa katikati ya mji, pembeni ya Chattanooga kulifunguliwa jumba la maduka la Hamilton Place, lenye maegesho ya bure mpaka macho yanachoka.

Kisha ikaja bomoabomoa, nasi tunalijua neno hili bila kufasiriwa. Sheria ya nyumba ya 1949 iliiwezesha miji kuchukua kwa nguvu maeneo yaliyotajwa kuwa makazi duni, kuyasafisha na kuyauza kwa wajenzi, huku sehemu kubwa ya hasara ikibebwa na serikali kuu. Chattanooga ililenga upande wa magharibi, mtaa mkongwe uliopanda kilima cha Cameron, ambako waliishi weusi wengi na weupe maskini. Mradi ukapewa jina la kupendeza: Lango la Dhahabu. Nyumba zikaenda, makanisa yakaenda, na kilima chenyewe kikakatwa kichwa. Udongo wake ukatumika kujazia njia ya barabara kuu. Ukisimama mjini leo ukatazama upande ule, utaona kilima bapa kama meza, na juu yake makao makuu ya kampuni ya bima. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi mtaa unavyogeuzwa kuwa kifusi cha barabara ya kuukimbia mji.

Moshi nao ulikuwepo. Mji umekaa kama kwenye bakuli, milima pande zote, na viwanda vya kuyeyusha chuma vilikuwa vikipumulia humohumo. Mwaka 1969 ripoti ya serikali kuu iliitaja hewa ya Chattanooga kuwa yenye vumbi la moshi kuliko miji yote ya nchi, na taarifa ya habari ya jioni ikaitangazia Marekani nzima. Wazee wanasimulia madereva waliowasha taa saa sita mchana. Mwaka uliofuata treni ya mwisho ya abiria ikaondoka stesheni. Viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine, jambo lililosafisha hewa na kumaliza mishahara kwa wakati mmoja. Kati ya 1980 na 1990 mji ulipoteza zaidi ya mtu mmoja kati ya kila kumi, ukashuka kutoka karibu 170,000 hadi 152,466.

Dola moja ya mwaka 1899

Hapa ndipo Chattanooga inapoachana na miji mingine iliyokufa kifo kama chake, na sababu yake ni soda.

Mwaka 1899 mawakili wawili wa Chattanooga walikwenda Atlanta kumwona mwenye Coca-Cola, kinywaji kilichokuwa kikiuzwa kwa glasi kwenye maduka ya dawa. Waliomba haki ya kukitia kwenye chupa. Mwenye mali hakuona faida ya chupa, akawauzia haki ya karibu nchi nzima kwa dola 1. Mwenzao wa tatu, John Lupton, akaongeza mtaji. Mwaka 1986 mjukuu wake, Jack Lupton, aliuza biashara ya familia ya kujaza chupa kwa kampuni mama kwa takriban dola bilioni 1.4.

Kwa hiyo katikati ya mji uliokuwa unakufa alikaa tajiri mwenye wakfu wa familia, Lyndhurst, na mwenye kinyongo na hali ya mji wake. Wakfu huo haukuanza kwa kujenga. Ulianza kwa kulipia mazungumzo. Mwaka 1984 ukaundwa umoja uitwao Chattanooga Venture, ambao kwa miezi kadhaa uliita mtu yeyote aje aseme anautaka mji gani ifikapo mwaka 2000. Walikuja watu kama 1,700. Zikatoka shabaha 40, nyingine kubwa kama kusafisha mto, nyingine ndogo za kawaida, na ile ya kuokoa daraja la Walnut ilikuwa miongoni mwao. Wakati huohuo mwalimu mmoja wa usanifu na wanafunzi wake walifungua ofisi ndogo mjini, wakabandika ukutani michoro ambayo mpita njia aliweza kuingia kuitazama na kuikosoa. Mimi naamini ofisi ile yenye michoro ilifanya kazi kubwa kuliko inavyosifiwa. Mtu ambaye hajawahi kuona mto wake ukiwa na bustani hawezi kuidai.

Mwaka 1986 ikaundwa kampuni isiyo ya faida, River City Company, ikapewa dola milioni 12 na wakfu na mabenki ya hapo. Kazi yake ilikuwa kununua viwanja, kuvishikilia na kungoja. Huu ndio uchawi wenyewe, na haupigiki picha. Mwekezaji wa kawaida hukopa benki, na riba haimruhusu kungoja. Lazima ajenge leo kile kinacholipa leo, ambacho mara nyingi ni maegesho. Aliyepewa mtaji bila riba anaweza kuketi na kiwanja miaka kumi hadi apatikane mtu wa kujenga kitu kinachofaa. Miji mingi iliyokuja kuiga Chattanooga iliiga samaki. Subira haikuigika kwa sababu haikuwa na mtu wa kuilipia.

Na samaki ndio hao. Tennessee Aquarium, jumba la maonyesho ya viumbe wa maji baridi, lilifunguliwa Mei 1992 kwa dola milioni 45 za michango binafsi. Wenyeji wenye ulimi waliliita tanki la samaki la Jack. Nani angetoka Atlanta kuja kutazama kambare? Walikuja zaidi ya milioni moja katika mwaka wa kwanza. Mgeni hupandishwa juu kabisa ya jengo, akaanza na kijito cha mlimani, kisha anashuka sakafu kwa sakafu akifuata safari ya maji mpaka ghuba ya Mexico. Limejengwa pale Ross's Landing, gati lililopewa jina la John Ross, chifu wa Wacherokee, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na ambapo mwaka 1838 Wacherokee walipakiwa mashuani kwa nguvu na kupelekwa magharibi. Leo kando ya jumba hilo kuna ngazi ndefu zinazotiririka maji, zimepambwa kwa kazi za wasanii wa Kicherokee. Watoto huzichezea siku za joto.

Kwa nini jumba moja lisaidie mji mzima? Jibu liko kwenye miguu. Familia iliyoshuka kwenye gari saa nne asubuhi itakula mchana, itakunywa kitu saa tisa, labda italala. Mtu mmoja akiwa barabarani, wa pili haogopi kupita. Lakini hili hutegemea kuwatoa watu ndani ya jengo na kuwatembeza, na hapa Chattanooga ilifanya ujanja mdogo ninaoupenda kuliko samaki wote. Ilijenga maegesho makubwa mawili, moja kila mwisho wa katikati ya mji, na kati yake ikaweka mabasi ya umeme ya bure. Ada ya maegesho ndiyo iliyosaidia kulipia mabasi. Mgeni anaacha gari stesheni ya zamani, anapanda basi hadi mtoni, na njiani anapita kila duka lililokuwa limefungwa milango. Baadaye mabasi yenyewe yakawa yanaundwa hapohapo mjini. Haya yalianza 1992, wakati magari ya umeme yalikuwa bado mzaha.

Mwaka mmoja baadaye daraja likafunguliwa, na ng'ambo ya mto, upande wa kaskazini, mtaa uliokuwa umesinzia ukaanza kupata mikahawa na maduka ya vitabu. Mwaka 2005 ukakamilika mradi wa ufukwe wa mto, dola milioni 120, uliosukumwa na meya Bob Corker, ambaye baadaye alikuwa seneta. Fedha zake zilichanganywa: michango binafsi upande mmoja, na upande mwingine kodi ya vyumba vya hoteli, yaani mgeni ndiye aliyelipia bustani aliyokuja kuitembelea. Jambo lililonivutia zaidi humo ni barabara. Kando ya mto ilikuwa imejengwa barabara pana ya kasi kwa ajili ya malori ya viwanda. Viwanda vilipokufa barabara ilibaki, ukuta wa lami kati ya watu na maji. Wakaipunguza upana, wakaiwekea makutano na taa, mtu akaweza kuvuka na mtoto mkononi.

Kuna pia suala la waya. Shirika la umeme la mji, ambalo ni mali ya umma, lilitandaza nyaya za mwanga hadi kila nyumba na ofisi, likisaidiwa na zaidi ya dola milioni 100 za serikali kuu, na mwaka 2010 likaanza kuuza intaneti ya kasi ya gigabiti moja. Kampuni za kebo zilikwenda mahakamani kulizuia zikashindwa. Kampuni changa za teknolojia zikaja kupanga ofisi kwenye majengo ya zamani, ambayo yalikarabatiwa kwa msaada wa unafuu wa kodi: serikali kuu humrudishia mwenye jengo la kihistoria asilimia 20 ya gharama za ukarabati kwa kumpunguzia kodi ya mapato. Bila unafuu huo, majengo mengi mazuri ya Marekani yangekuwa maegesho sasa hivi.

Kukopa kwa kodi ambayo haijazaliwa

Mpaka hapa fedha zinaeleweka: tajiri ametoa, mgeni amelipa, Washington imechangia. Mambo huvurugika unapofika kwenye herufi tatu ambazo siku hizi huambatana na karibu kila mradi wa katikati ya mji Marekani: TIF. Jina lake refu ni la kihasibu na halimsaidii mtu. Kwa Kiswahili naona tungeuita mkopo wa ongezeko la kodi. Ulianzia California mwaka 1952 ukaenea karibu majimbo yote. Nimeona watu wazima wakigombana kuuhusu bila kuuelewa, kwa hiyo tukae nao kidogo.

Chukua kiwanja kimoja. Zamani kilikuwa cha kiwanda, sasa kina magugu na vyuma chakavu. Mthamini amekiandika dola milioni 1. Tennessee hutoza kodi mali ya biashara kwa asilimia 40 ya thamani yake, wakati nyumba anayoishi mwenyewe hutozwa kwa asilimia 25, kwa hiyo hapa kinachohesabiwa ni dola 400,000. Tuseme viwango vya mji na kaunti vikijumlishwa ni dola 4 kwa kila 100. Hiyo 4 nimeiweka mimi hesabu iwe nyepesi. Kodi ya mwaka ni dola 16,000.

Anakuja mwekezaji, anajenga fleti za kupangisha, thamani inafika dola milioni 20. Asilimia 40 yake ni milioni 8, kodi inakuwa dola 320,000. Toa zile 16,000 za zamani, unabaki na ongezeko la dola 304,000 kila mwaka. Kwa miaka 20 ni zaidi ya dola milioni 6.

Sasa mji unachora mpaka kuzunguka eneo zima na kugandisha thamani ya siku hiyo. Zile 16,000 zinaendelea kwenda hazina kama kawaida, za zimamoto, polisi, taka. Ongezeko, au sehemu yake, halifiki hazina. Linageuzwa kulipia mradi wenyewe: mabomba, njia, maegesho, au uwanja wa michezo. Na kwa kuwa mkandarasi anataka hela leo ilhali ongezeko litadondoka kidogokidogo kwa miongo miwili au mitatu, chombo cha umma kinauza hatifungani, kinachukua fedha kwa wawekezaji sasa na kuwalipa kwa kodi ya majengo ambayo bado ni mchoro.

Wanaoupenda mpango huu husema hakuna anayepoteza. Bila mradi, magugu yangebaki magugu na kodi ingebaki 16,000 milele. Huwezi kuibiwa kitu ambacho kisingekuwepo. Wanaoupinga wanajibu kwa neno moja: kweli? Kama mji tayari unakua, huenda kiwanja kile kingejengwa hata bila kusaidiwa, na hapo ongezeko lilikuwa haki ya hazina. Tena wakazi wapya wa fleti wana watoto wa kusoma na moto wa kuzimwa, na gharama hizo hazikugandishwa.

Wote wawili wanasema kweli, kila mmoja kuhusu kiwanja chake. Mkopo huu ungekuwa na maana sana kwenye Chattanooga ya 1986, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyetaka kuweka hela. Lakini Chattanooga ya 1986 isingeweza kukopa hivyo, kwa sababu hakuna ambaye angeamini ongezeko litakuja. Unaukopesha mji kirahisi ukishapona, wakati dawa inahitajika kidogo zaidi. Hiyo ndiyo kasoro ya msingi ya chombo hiki, na sijasikia jibu lake la kuniridhisha.

Uwanja mpya wa besiboli wa timu ya Lookouts ni mfano ulio hai. Uwanja wa awali, uliofunguliwa 2000 juu ya kilima karibu na jumba la samaki, ulijengwa kwa fedha binafsi. Mwaka 2022 mji na kaunti zikaidhinisha mwingine upande wa kusini, eneo la South Broad, kwenye ardhi ya viwanda vya kuyeyusha chuma vilivyofungwa miaka ya 2000, kwa mkopo wa namna hii. Ardhi ile ilikuwa inaonekana vizuri kutoka barabara kuu, kutu na mabanda matupu, sura mbaya kwa mgeni anayeingia mjini, na nadhani aibu hiyo ilichangia uamuzi kuliko hesabu. Gharama iliyotajwa mwanzoni ilikuwa karibu dola milioni 80. Ikapanda kupita milioni 100. Fungu la shule lilitengwa lisiguswe, na hilo ni jambo la kupongezwa, kwa kuwa majimbo mengine hayajali. Lakini angalia uzito ulipohamia: uwanja peke yake hauzalishi kodi ya kutosha, kwa hiyo deni linategemea fleti, maduka na ofisi zitakazojengwa kuuzunguka na wenye ardhi kwa wakati wao. Wakichelewa, hatifungani hazichelewi.

Lugha yetu ina neno moja, kodi, kwa kile unachompa mwenye nyumba na kile unachoipa serikali. Kuna waliolalamika kuwa ni upungufu wa Kiswahili. Kwa habari za Chattanooga naona ni ufasaha, kwa maana kodi ya serikali haiwezi kupanda kama ongezeko linavyotaka bila kodi ya nyumba kupanda nayo. Thamani ya fleti ni pango linaloingia kila mwezi. Mji uliojifunga kulipa deni kwa ongezeko umejifunga kutamani pango lipande, hata kama meya wake analia hadharani kuhusu uhaba wa nyumba za watu wa kipato cha chini. Halii kinafiki. Amevaa kofia mbili tu.

Mwenye nyumba yake naye haponi. Sheria ya Tennessee inataka, thamani za majengo zinapopitiwa upya kaunti nzima, kiwango cha kodi kishushwe ili mapato yasipande kwa mlango wa nyuma. Ni sheria nzuri. Lakini kiwango kinashuka kwa wastani wa kaunti, wakati mtaa uliofufuliwa umepanda kuliko wastani. Mjane aliyerithi nyumba karibu na Mtaa wa Tisa, ambao sasa unaitwa Martin Luther King, anapokea bili kubwa zaidi ingawa hajaongeza hata kibaraza. Nyumba mbili mbele yake pameuzwa, pamejengwa ghorofa tatu jembamba lenye roshani. Anapigiwa simu na wanunuzi kila wiki. Mwaka 2000 watu weusi walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa Chattanooga. Sensa ya 2020 iliwakuta chini ya theluthi, katika mji uliokuwa umeongeza watu zaidi ya 25,000.

Chini ya kile kilima kilichokatwa kichwa kuna nyumba za umma za College Hill Courts, karibu 500, zilizojengwa 1940 kwa ajili ya weusi, enzi ambayo weupe walijengewa zao mbali nao. Ni kama mabaki ya mwisho ya upande wa magharibi wa zamani. Upo mpango wa kuzibomoa na kujenga mtaa mpya wenye wapangaji wa vipato mchanganyiko, pamoja na ahadi kwamba kila nyumba itakayovunjwa italipwa kwa nyingine na aliyekuwepo atarudi. Maofisa wamefanya vikao vingi kuieleza ahadi hiyo. Mtaa ambao unaziona barabara zilizojengwa kwa udongo wa kilima chake una sababu ya kutaka iandikwe, isainiwe, na isomwe tena.

Na daraja? Lilipookolewa lilisifiwa kwa uzuri wake, kwa umri wake, kwa mandhari. Lakini weusi wa Chattanooga walilijua kwa jambo jingine. Mwaka 1893 umati ulimnyonga pale mtu mweusi, Alfred Blount. Tarehe 19 Machi 1906 ukamtoa jela kijana Ed Johnson, aliyehukumiwa kifo kwa kosa la kubaka ambalo hakulitenda, ukamnyonga kwenye chuma hichohicho na kumpiga risasi. Mawakili wawili weusi, Noah Parden na Styles Hutchins, walikuwa wamefika hadi Mahakama Kuu ya Marekani na kupata amri ya kusimamisha hukumu. Mahakama ikakasirika kudharauliwa kiasi cha kumshtaki mkuu wa polisi wa kaunti, kesi pekee ya jinai iliyowahi kuendeshwa na mahakama hiyo yenyewe. Alihukumiwa kifungo cha siku 90. Aliporudi Chattanooga alipokewa stesheni na maelfu ya watu kama shujaa. Mawakili wale ilibidi waukimbie mji.

Hukumu ya Johnson ilifutwa mwaka 2000. Daraja lilikuwa limefunguliwa tangu 1993, likipigwa picha za harusi, likichapishwa kwenye kadi za watalii, na hakuna maandishi ya maana yaliyosema lilichoshuhudia. Wenyeji walichangisha na kushawishi kwa miaka, na Septemba 2021 mnara wa kumbukumbu ukafunguliwa mwisho wa kusini wa daraja. Kuna sanamu tatu za shaba, Johnson na mawakili wake wawili. Mchongaji hakumweka Johnson akitazama mto. Anatembea, mgongo ameupa daraja, anaelekea mjini.